Kumsindikiza Mzee Arvid Mpaka Matopeni

Walimu wenzangu, na hasa wewe Kisaka, tangu nishuke kwenye basi pale stendi ya Same mmekuwa mkiniuliza swali moja kwa mitindo mbalimbali: anga lilipofunguliwa na ndege zikaanza kuruka, kwa nini sikurudi mara moja? Nimejaribu kulijibu kwa mdomo, na kila nikifika Blacktown Kisaka ananikatiza kuuliza kama ni kweli kangaruu wanatembea barabarani. Hawatembei barabarani. Sasa nimekaa nimeandika, ili angalau mara moja nifike mwisho.

Same mpaka Doonside

Habari za viza, vyeti na kuchokonolewa pua nitaziruka. Anayetaka adhabu hiyo aitafute mwenyewe. Mnajua nilikwenda Sydney kumwangalia Neema, mwanangu, aliyekuwa amejifungua. Nilikusudia kukaa mpaka mtoto akaze shingo. Korona ikaingia, ndege zikakatishwa, na mtoto akakaza shingo, akaota meno, akaanza kunijibu kwa Kiingereza, mimi bado niko kule.

Halafu Elias akafa. Kwenu alikuwa mkuu wa shule, kwangu alikuwa mume. Nilikuwa jikoni Doonside nikisuuza chupa za mtoto simu ilipoita. Hapakuwa na ndege ya kunifikisha Same kabla ya maziko, nanyi mkamzika bila mimi.

Ndege zilipoanza tena Neema akaniuliza, "Mama, tukate tiketi?" Nikasema ngoja Krismasi ipite. Krismasi ikapita, nikasema ngoja mtoto azoee shule ya watoto wadogo. Akazoea. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa. Nilijua nikifika Same nitapelekwa kwenye kaburi, na aliyelala mle sikumsindikiza hata hatua moja. Ningesimama pale kama mgeni aliyekuja kutazama. Kwa hiyo nikawa natafuta sababu, na Sydney ni mji mkubwa, sababu hazikosekani.

Doonside ni mtaa wa nyumba za kawaida, zenye paa la vigae na majani mbele, na kasuku weupe wanaopiga kelele kuliko darasa lisilo na mwalimu. Wakati wa kufungiwa majumbani, nikiwa nimesimama dirishani, nikamwona jirani. Mzungu mzee, mrefu, kichwa cheupe, anazunguka uwanja wa nyuma ya nyumba yake kwa kasi. Magoti yamenyooka, viwiko vimekunjwa, kiuno kinakwenda huku na huku. Nikapiga kelele, "Neema! Njoo, jirani amepatwa na kitu, piga ambulensi!"

Neema alikuwa ametoka kazini, ni muuguzi kwenye nyumba ya wazee. Akachungulia, akacheka mpaka akakaa chini. "Mama, that's Arvid. Alikuwa athlete. Huko kwao Sweden kuna race ya kutembea, na hivyo ndivyo wanavyotembea."

Basi nikamjua Mzee Arvid kupitia uzio. Mimi nikampa chapati, yeye akanipa vimkate vya kusokotwa alivyooka mwenyewe. Nilipouma nikakuta iliki. Iliki, jamani! Nikamwuliza amefundishwa na Mzanzibari gani. Akaniambia kwao Sweden wanatia iliki kwenye mikate tangu enzi za bibi zao. Nilifundisha jiografia maisha yangu yote, na jambo hilo sikulijua.

Kazi yake, mbali na kutembea, ilikuwa elimu ya wanyama. Chuo kikuu alikuwa mtaalamu wa ndege, na hasa ndege mmoja: wa matopeni, mwenye miguu mirefu na mdomo mrefu uliopinda kidogo kwenda juu. Kwao wanamwita myrspov. Ndege huyo huzaliana kule juu kabisa duniani, Alaska, kisha huja mpaka Sydney kwa kuvuka bahari nzima bila kutua, usiku na mchana, bila kula wala kunywa. Nilidhani ananitania. Sisi tulikuwa hatuwezi kuvuka mpaka wa jimbo, na kumbe matopeni kule kuna viumbe wanaobebeka kwa mkono mmoja walioingia nchini bila kumwomba mtu.

Doonside mpaka Blacktown

Asubuhi moja ya mwezi wa Machi, mwaka wa tatu wa korona, Mzee Arvid akagonga mlango. Alikuwa na begi mgongoni, kofia na fimbo. Mvua ilikuwa imenyesha siku nyingi mfululizo, mito imefurika, na siku ile treni hazikuwa zinatembea.

"Mwalimu, nimekuja kuaga," akasema. "Nakwenda kuwaona ndege wangu wakiondoka."

Nikamkaribisha chai. Akanieleza kwamba kila mwaka, mvua za mwisho wa msimu wa joto zikipungua na upepo ukageuka kutoka kusini, ndege wale huondoka kurudi kaskazini. Naye kila mwaka huenda kwa miguu kutoka nyumbani kwake mpaka kwenye matope ya Homebush, mwendo wa siku mbili kwa mtu wa umri wake. Mwaka wa kwanza wa korona alizuiwa. Wa pili alikuwa hospitali kwa ajili ya macho. Sasa macho yenyewe yanazimika, na daktari amemwambia ifikapo mwakani atakuwa anatofautisha mwanga na giza tu.

"Ni mwaka huu au basi," akasema, akanywa chai yake yote.

Akasimama, nami nikasimama. Hapa kwetu sina haja ya kueleza, lakini maandishi haya Neema anataka kuyasoma na mtoto wake, kwa hiyo naeleza. Mgeni akitoka kwako unamsindikiza. Unatoka naye mpaka getini, mpaka njia panda, mnaongea, na yeye ndiye anayesema, "Basi, inatosha, rudi." Hapo unarudi. Huwezi kugeuka mwenyewe kabla hajasema. Ukigeuka ni kama umemsukuma mlangoni.

Nikatoka kama nilivyokuwa: gauni la nyumbani, kanga begani, kandambili miguuni, simu na senti chache mfukoni. Nilijua nitarudi baada ya dakika chache. Neema alikuwa kazini, mtoto alikuwa kwa mlezi, na jikoni nilikuwa nimeloweka maharage.

Tukafika kona ya mtaa. Hakusema. Tukafika barabara kubwa. Hakusema. Nikaanza kumdokeza kwa heshima.

"Njia yako ni ndefu, Mzee."

"Ndiyo. Nzuri sana."

"Nyumbani nimeloweka maharage."

"Maharage yanahitaji muda," akasema, akaendelea kutembea.

Tukafika Blacktown. Stesheni ilikuwa imejaa watu wenye barakoa wakigombania mabasi yaliyowekwa badala ya treni. Nikasimama makusudi, nikashika kiuno. Mzee akasimama pia, akanisubiri kwa adabu, akatazama pembeni ili asinitie haya. Nilipoacha kushika kiuno tukaendelea. Nikasema moyoni, huyu mzungu ananikomoa.

Blacktown mpaka Parramatta

Tulipofika Seven Hills kandambili ikakatika. Kulikuwa na duka la mitumba la kanisa, nikaingia kununua viatu vya raba. Ndiyo, Kisaka, nilikwenda Australia nikanunua mitumba. Nilipotoka nikamkuta Mzee Arvid amesimama mlangoni ameshika kandambili yangu iliyokatika kwa mikono miwili, kama mtu aliyeachiwa mtoto wa watu. Nilipanga kumwambia kwamba narudi. Nikamtazama anavyopepesa macho kutafuta ukingo wa barabara kwa fimbo. Nikasema, twende.

Na hapo ndipo akaanza kunisimulia.

Alizaliwa pwani, kwenye kijiji cha mawe na upepo, na mama yake alikuwa akitembeza maziwa. Miguu aliipata huko. Katika mashindano ya kutembea sheria ni mbili tu: mguu mmoja uwe chini wakati wote, na goti linyooke. Ukipaa hata kidogo, waamuzi waliosimama njiani wanakuonya, na maonyo yakizidi unatolewa. Mbio ni ndefu, asubuhi mpaka mchana. Akiwa kijana alichaguliwa kuiwakilisha nchi yake. Siku hiyo alikuwa mbele. Alikuwa ameshaanza kusikia watu wakishangilia ndani ya uwanja ndipo mwamuzi akatoka mbele yake na kumwonyesha alama nyekundu.

"Nilikuwa nimepaa," akaniambia. "Kwa sababu ya furaha, nadhani. Nilisikia makofi nikapaa."

"Ukafanyaje?"

"Nikageuka. Nikatembea kwenda upande wa pili mpaka barabara ikaisha. Mbele yangu palikuwa na matope, na kwenye matope ndege. Walikuwa wametoka mbali kuliko mimi na walikuwa wamechoka kuliko mimi, lakini walikuwa wanakula tu. Nikakaa pale na namba yangu kifuani mpaka jioni."

Baada ya hapo akaenda chuo kusoma wanyama. Mashindano hakuyaacha, na mengine alishinda, lakini hayo aliyasema haraka haraka kama mtu anayepita kwenye nyumba ya anayemdai. Ya ndege ndiyo aliyoyasema taratibu. Alinieleza kwamba kabla ya safari ndege wale hula mpaka wanakuwa wazito kupindukia, halafu mwili wao unafanya jambo la ajabu: unapunguza utumbo na firigisi, vinanywea, kwa sababu angani havitakuwa na kazi. Wanabaki mafuta, moyo na mabawa. Wakifika, utumbo unakua upya.

Nilisimama katikati ya njia. Nikasema, "Mungu wangu."

Parramatta mvua ikatukamata sawasawa. Tukajibanza kwenye kibaraza cha duka, nikaanza kuilalamikia mvua kwa Kiswahili, kwa sauti. Kijana mmoja mwenye baiskeli na sanduku la kupelekea watu chakula akageuka.

"Shosh! Mnaenda wapi na hii mvua? Huyu mzee ataskia baridi, manze."

Ni Mkenya; shosh kwao ni bibi, na manze ni kama kusema jamani. Nilitaka kumkemea kwamba mimi si bibi yake, lakini alikuwa ameshaingia dukani akatoka na chai mbili. "Chai ni yangu, usijali. Mnatoka wapi?"

"Doonside."

"Na miguu? Wacha, shosh. Doonside ni mbali, manze! Mnatafuta nini?"

"Namsindikiza."

Akanitazama, akamtazama Mzee Arvid, akavua kofia yake ya baiskeli kama yuko kanisani. Simu yangu ikaita. Ilikuwa Neema.

"Mama, where are you? Nimepigiwa na mlezi hakuna mtu nyumbani!"

Nikamwambia niko Parramatta. Kilichofuata sitakiandika chote. Alikuwa ameongezewa shift kwa sababu wenzake walikuwa wagonjwa wa korona, hakuweza kuja kutuchukua, na mabasi yalikuwa hayaeleweki. Mwishowe akashusha pumzi. "Okay. Mtoto atalala kwa mlezi. Nyinyi nendeni kwa Mama Espérance, tunafanya naye kazi. Anakaa Villawood. Mlale huko. Mama, please, usiku usitembee."

Nilipomwambia Mzee Arvid jina la mahali, akaweka kikombe chake chini. "Villawood," akasema. "Villawood napajua."

Villawood

Nilitarajia nyumba, nikaonyeshwa kwanza uzio. Kabla ya kwenda kwa mwenyeji wetu Mzee Arvid aliomba tupite mahali fulani, tukapita mitaa ya magodauni na gereji mpaka kwenye uzio mrefu wenye kamera. Ndani ndiko wanakozuiliwa wageni ambao serikali haitaki waingie au waendelee kukaa. Hatukuona mtu, ila tulisikia watu wakicheza mpira, mmoja akidai penalti kwa lugha nisiyoijua.

"Hapa palikuwa hosteli ya wahamiaji," akasema Mzee Arvid. "Mabanda ya bati, duara kama pipa lililopasuliwa. Nilipokuja kuwafuata ndege wangu, hakuna aliyevijali vyeti vyangu. Mchana nilifanya kazi kiwandani, Jumapili nilikwenda matopeni. Chakula kilikuwa nyama ya kondoo mzee kila siku. Hakuna aliyeweza kuila ila Irena, Mpolandi, alikuwa anaomba hata ya wenzake. Nilimpa yangu mwaka mzima, halafu tukaoana."

Irena alikuwa amekufa kitambo. Mzee akaweka kiganja kwenye uzio, akakiondoa, tukaenda zetu.

Mama Espérance ni Mrundi, mfupi, mwenye kicheko kinachotangulia mlangoni. Amekulia kwenye kambi ya wakimbizi kule Kibondo. "Karibu Mama, ingieni kwa ndani, mvua iko mingi! Chakula iko tayari. Mimi kazi ni six o'clock asubuhi, lakini leo tunakula vizuri." Kulikuwa na maharage mekundu yenye mawese, ndizi na sombe, yaani kisamvu, na Mzee Arvid alikula akaongeza. Mimi nikakumbuka yale maharage yangu yaliyolowekwa.

Tukiwa mezani Mama Espérance akaniuliza, "Sasa Mama, wewe pia unapenda marche, kutembea ya namna hii? Sport?"

Nikacheka kwa hasira. Nikamwambia kwa Kiswahili kwamba mimi nilikuwa namsindikiza tu mpaka kona, na bwana huyu tangu asubuhi hajaniambia rudi.

Mama Espérance akaweka kijiko chini. Akacheka mpaka akafuta machozi kwa kitambaa cha meza. Kisha akamgeukia Mzee Arvid. "Arvid! You must tell her go back! Kwetu pia ni vile vile, hata kule camp. Mgeni ndiye anasema imetosha. You didn't say it, so she can't stop!"

Uso wa Mzee Arvid ukawa mwekundu mpaka masikioni. "Siku nzima?" akaniuliza. "Nilidhani unataka kutembea. Kwetu humwambii mtu mzima arudi nyumbani. Ni kumvunjia heshima. Nilikuwa nakusubiri wewe uchoke useme."

"Nami nilikuwa nakusubiri wewe uwe na huruma useme!"

Akasimama, akajinyoosha kama askari, akasema kwa uzito wote, "Mwalimu, asante. Inatosha. Rudi."

Yale ndiyo maneno niliyoyataka tangu Doonside. Mama Espérance akapiga makofi, akasema kesho akitoka atanipitisha mahali nipate basi. Nikafungua mdomo kushukuru, na kilichotoka ni "Hapana."

Wote wakanitazama. Nikasema, "Sirudi. Nakwenda mpaka mwisho." Halafu nikaanza kulia, mezani kwa watu, mbele ya chakula.

Nikawaambia habari za Elias. Nikawaambia kwamba siku ya maziko mtoto wa shemeji alishika simu ili nione, nikaona jeneza linatoka ndani, nikaona linapita uani, na lilipofika getini picha ikaganda. Ikaganda jeneza likiwa nusu ndani nusu nje. Nikabaki nimeshika simu jikoni mpaka ikazimika. Kwa hiyo kichwani mwangu Elias bado yupo pale getini, hajatoka na hajafika, na mimi sijui kumtoa.

Mama Espérance alinishika mkono. Mzee Arvid alikaa chini taratibu. Akasema, "Mimi pia siendi kule kuwatazama. Nimewatazama vya kutosha. Nakwenda kwa sababu wanaondoka, na naona si vizuri waondoke hakuna mtu. Siendi kwa gari kwa sababu ningewaonea aibu." Kumbe na yeye alikuwa anasindikiza.

Auburn

Asubuhi mvua ikakata. Jua likatoka kali, na tulipofika Auburn upepo ulikuwa umegeuka. Mzee Arvid alilowesha kidole akakiinua. "Kusini," akasema, na nikasikia sauti yake ikibadilika. "Wataondoka leo. Mchana, maji yakijaa."

Lakini miguu ilikuwa imemwishia. Hakukubali kusema, ila alikuwa anagusa kila ukuta. Auburn ni mtaa wa Waturuki, Waafghani, Walebanoni na wengine wengi, msikiti wenye minara, mabucha ya halali, harufu ya mkate kila kona. Kwa kuwa nilikuwa nimejifunga kanga kichwani, kila mama aliyepita alinitolea salamu ya Kiislamu. Mimi ni Mlutheri, mnanijua, lakini niliitikia zote. Hakuna iliyonipunguzia kitu.

Tukaingia kwenye duka la mikate. Mwenye duka, Mturuki mwenye masharubu, alimtazama Mzee Arvid akavuta kiti bila kuulizwa. Akaleta supu ya dengu na mkate wa moto. Mzee akala vijiko vichache, akalala palepale kwenye kiti, mdomo wazi.

Nikabaki na hofu. Kama ndege wataondoka naye amelala, nitakuwa nimemlindia usingizi nimempotezea macho yake ya mwisho. Nikimwamsha, anaweza kuanguka njiani. Mwenye duka akauliza tunakwenda wapi, nikamweleza. Akachukua funguo za gari lake. "Hapa na Homebush ni karibu! Nawapeleka sasa hivi!"

"Hapandi gari."

"Kwa nini?"

"Anawasindikiza ndege."

Akarudisha funguo mfukoni, akafunga boreki, andazi lao la jibini, kwenye karatasi. "Basi mwamshe," akasema. "Akikosa hatakusamehe."

Nikamwamsha kama ninavyowaamsha wanafunzi, kwa kugonga meza. Akafumbua macho, akauliza upepo unatoka wapi, nikamwambia bado ni kusini. Akanipa fimbo yake niishike mimi. Na pale nje, mbele ya duka la mikate, mzee wa zaidi ya miaka themanini akakunja viwiko, akanyoosha magoti, akaanza kwenda. Kiuno huku, kiuno kule. Mguu mmoja chini, kisha mwingine. Watu wakampisha, gari moja likapiga honi kwa furaha. Mimi nilikuwa nyuma na viatu vyangu vya mitumba, nimeshika fimbo na boreki, namwelekeza kwa sauti: kushoto, ukingo, taa nyekundu. Sijawahi kuona mwili wa mtu ukitii hivyo. Nilisahau kuchoka.

Homebush, matopeni

Kuna bwawa la maji ya chumvi limezungukwa na njia ya miguu, na pembeni kibanda cha mbao cha kuwaangalia ndege. Watu wachache walikuwepo na darubini zao. Kwenye ulimi wa matope katikati ya maji walikuwa wamesimama, wengi, wote wakielekea upepo.

"Wapo?" akauliza Mzee Arvid. Alikuwa ameshika ubao wa dirisha kwa nguvu, na macho yake yalikuwa yanatafuta mahali pasipo.

Nikaelewa kwamba haoni. Tumefika kwa wakati na haoni.

"Wapo," nikasema.

"Niambie."

Mimi sijawahi kuwa mwalimu wa somo gumu kuliko lile. Nikamwambia vifua vyao ni vyekundu kama udongo wa kwetu baada ya mvua. Akasema hao ni madume, wamevaa nguo za nyumbani. Nikamwambia matumbo yamejaa, yananing'inia. Akacheka. Nikamwambia hawatulii, wanaoga, wanajinyoosha bawa moja moja, wanaitana. "Hilo nasikia," akasema. Alikuwa amefumba macho.

Kisha kundi moja likainuka. Hawakuinuka kwa kishindo, waliondoka tu kwenye matope kama wamekubaliana. Wakazunguka bwawa mara moja, sauti zikawa juu yetu, baadhi wakaghairi wakarudi chini. Waliobaki wakajipanga mstari, mstari ukapinda, ukanyooka, ukapanda. Nikamweleza kila kitu. Nani yuko mbele? Huyu, sasa amerudi nyuma, mwingine ameshika. Wako juu ya miti. Wako juu ya majengo. Wamekuwa kama uzi. Ndani ya miili walikuwa wamepunguza hata utumbo wao, wamebeba moyo na mafuta, na mbele yao ilikuwa bahari. Niliendelea kutazama hata baada ya kukosekana cha kutazama. Mama mmoja pembeni yangu mwenye darubini alikuwa analia ndani ya barakoa yake, nami nilikuwa nalia, na hakuna aliyeona haya.

"Wamekwenda?" akauliza Mzee Arvid.

"Wamekwenda."

Akakaa kwenye benchi, tukala boreki. Nilidhani tumemaliza. Alipofuta mikono akasema, "Sasa Elias. Kutoka getini njia inakwenda wapi?"

Sikuelewa. Akanyanyuka, akanyoosha kiwiko nimshike. "Hapa pana njia na mimi bado nina miguu. Wewe unaijua ile ya kwenu. Tutembee."

Basi tukatembea. Njia ile ya bwawa nikaigeuza ya Same. Nikamwambia hapa ni geti. Nilishindwa kupita, nikasimama, akanisubiri. Nikapita. Hapa kushoto ni duka, mwenye duka amefunga mlango nusu kwa heshima. Hapa ni shule, watoto wamepangwa mstari, na Elias angeona wale wasiochomekea mashati. Hapa njia inapanda, mlima uko kulia.

"Nani wamembeba?" akauliza.

Nikawataja ninyi. Sikuwa nimeambiwa na mtu, lakini nilijua. Mwalimu Mgonja mbele kushoto, kwa sababu ya urefu. Mwalimu Mshana mbele kulia, anasema twende polepole. Kisaka nyuma, analia kwa sauti bila aibu, na hataki kupokewa hata bega likiuma. Mzee Arvid alikuwa anarudia kila jina baada yangu, kwa matamshi yake mabaya, ili asikosee. Tukapita kanisani. Tukashuka mpaka makaburini. Njia ilipofika kwenye mikoko akavua kofia, na mimi nikamwambia Elias niliyokuwa nayo ya kumwambia, kwa Kipare, sauti ya kawaida, mpaka yakaisha.

Neema alitukuta pale na gari baada ya shift yake. Kabla sijafunga mkanda nikamwambia akate tiketi.

Ninyi mlishangaa siku niliyofika. Mlikuwa mmewaandaa akina mama wa kunishika nisianguke kaburini. Nikainama nikang'oa majani, nikauliza nani amepanda yale maua, mkatazamana. Mmoja wenu alinong'ona kwamba Australia imenikausha. Haikunikausha. Nilikuwa nimeshafika pale kwa njia ile ya bwawa, nyuma yenu, na Kisaka, niliona bega lako likiuma nawe ukakataa kupokewa.